Ngurumo ya saa nne usiku: kisa cha AC moja Kigamboni

Mama aliyenipigia simu ni mkunga mstaafu, na hilo lilinisaidia kuliko kifaa chochote nilichobeba. Wateja wengi wakishasema AC inapiga kelele, wameishia hapo. Ukiuliza kelele gani, unajibiwa "njoo utaisikia mwenyewe". Huyu alinieleza hivi: "Mwanangu, ziko mbili. Moja inanguruma chini kwa chini, ukiweka mkono kwenye kitanda unaihisi. Ya pili inagugumia, kama mtu anakunywa maji kwa pupa. Haziji pamoja." Nikamwomba asubiri nitafute kalamu.

Kisa hiki nakiandika kwa urefu kwa sababu mafundi wawili walikipitia kabla yangu, wote watu wa kazi, na mashine ikazidi kuumwa baada ya kila mmoja. Hawakuwa wazembe. Waliisikiliza sauti pale inaposikika, wakaitibu palepale. Sauti ya AC husafiri. Huzaliwa mahali pamoja ikaja kulia mahali pengine, na katikati hapo ndipo pesa za wateja zinapopotelea.

Nyumba yenyewe ni ya ghorofa moja, upande wa Kigamboni, Dar es Salaam, unaotazama bahari. Chumba cha mama kiko juu, kina choo na bafu lake humo humo ndani, na mlango unaotokea roshani. AC ni split, yaani yenye boksi la ndani na la nje, ya 12,000 BTU, ya kawaida, siyo inveta ile inayobadilisha kasi ya kompresa, inatumia gesi ya R410A, ina miaka sita. Autodoo, yaani boksi la nje lenye kompresa, imefungwa kwenye ukuta wa roshani, na mabomba ya shaba yanatoka hapo yakipita pembeni mwa mlango mpaka yanapotoboa ukuta kuingia ndani. Ilikuwa Machi, kaskazi imelegea, masika bado, joto lile ambalo usiku shuka linagandana na mwili. Mtu wa miaka sabini na ushee hawezi kulala bila AC katika hali hiyo, na kwa ngurumo ile alikuwa halali hata ikiwashwa.

Fundi wa kwanza aliitwa kwa ajili ya kugugumia. Alikuja mchana, hakuisikia, akauliza maswali mawili matatu, kisha akaamua gesi imepungua. Si dhana ya kijinga. Gesi ikipungua kweli, ndani ya indoo, yaani boksi la ndani, husikika mchuruziko na mabubujiko, kwa sababu kinachopita kwenye mabomba ni mchanganyiko wa mvuke na kimiminika badala ya mkondo uliotulia. Lakini gesi ikipungua kuna dalili nyingine: bomba jembamba linaganda barafu pale kwenye nati, ubaridi unapungua, ampea zinashuka. Yeye aliongeza gesi kidogo kidogo huku akishika bomba kwa mkono mpaka akaridhika na baridi yake. Hakupima kwa mizani.

Fundi wa pili aliitwa kwa ajili ya ngurumo, naye akaja mchana. Alibadilisha kapasita, kile kidude kinachosaidia mota kuanza kuzunguka, akakaza nati zote za miguu ya autodoo mpaka raba zikabanwa kama karatasi, na alipoambiwa usiku kelele iko palepale, akasema kompresa inakufa. Gharama aliyotaja ilikuwa shilingi 450,000, gesi ikiwa juu yake. Mama aliomba siku mbili za kufikiri, ndipo akanipigia mimi.

Kwenye simu nilimuuliza ngurumo ilianza lini. Mwezi wa pili. Inakuja saa ngapi? Usiku tu, kuanzia saa nne hivi, inakata na kurudi mpaka alfajiri. Mchana ukiwasha? Kimya. Nikauliza kama kuna kitu chochote kilichobadilika pale nyumbani mwezi huo wa pili. Akasema hakuna. Swali hilo mimi huliuliza mara mbili, siku mbili tofauti, maana mtu hufikiria AC peke yake. Haimjii kichwani kabati lililohamishwa, dirisha lililowekwa nyavu mpya au jirani aliyefunga pampu.

Kelele ya usiku tu ina wahusika wake. Wa kwanza ni utulivu wenyewe: iliyopo mchana inamezwa na bodaboda na redio. Wa pili ni umeme. Usiku wa manane watu wakizima vitu vyao volti hupanda, na mota na kontakta, yaani swichi ya kompresa, huvuma zaidi. Wa tatu ni mpangilio wa kazi: kukipoa, kompresa inakata na kuwaka mara nyingi zaidi, na kila ikikata hutikisika. Nilikwenda nikiwa na hawa watatu kichwani, na kwa kweli nilikuwa nimeegemea raba za miguu, kwa kuwa najua raba iliyobanwa kupita kiasi haizuii kitu. Inakuwa sawa na chuma juu ya chuma. Niliweka sharti moja: naja usiku, na fundi mwingine asiguse kitu.

Nilifika saa mbili na nusu. Mjukuu wake wa kiume alikuwepo kunishikia tochi. AC ilikuwa inatembea, na chumba kilikuwa kimetulia kabisa. Nilianza na vipimo kabla ya kusikiliza. Volti 231. Ampea 6.1, wakati kibao cha mashine kinasema 5.1. Hiyo ilinistua kidogo, nikaiandika, nikaiacha kwanza. Kisha nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha kwenye ganda la kompresa, mpini nikauweka sikioni. Kwa njia hiyo unasikia kilichomo ndani bila kelele ya feni kukuingilia. Beringi iliyokufa inakwaruza, kama mchanga kwenye sufuria. Vali iliyovunjika inagonga. Hii ilikuwa inavuma sawasawa, mvumo mmoja usiokatika.

Mama alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Akasema, "Ndivyo tulivyokuwa tunasikiliza mtoto tumboni, na ile pembe ya mbao." Akaomba naye asikilize. Nikampa bisibisi, akainama, akafumba macho, akakaa hivyo kama dakika nzima. "Huyu mzima," akasema. Nilikubaliana naye, na tangu wakati huo habari ya kubadilisha kompresa niliitoa kwenye orodha yangu.

Saa nne ikakaribia, hakuna ngurumo. Mama akashuka kufunga nyumba kama kila siku: mlango wa jikoni, wa sebuleni, kisha akapanda juu akafunga geti la nondo la roshani na kutia kufuli. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa kwenye kiti karibu na kichwa cha kitanda. Dakika chache baadaye AC, iliyokuwa imekata, ikawaka tena. Ngurumo ikaingia.

Kwa kweli ilikuwa mbaya. Haikuwa kubwa sana kwa sikio, ila ilikuwa nzito, inakuja kifuani. Glasi ya maji juu ya stuli ilikuwa na viduara vidogo. Nilipoweka kiganja ukutani nyuma ya kitanda, ukuta ulikuwa unatetemeka.

Nikapima volti tena: 234. Tofauti ya volti tatu haileti hali ile, kwa hiyo umeme ukatoka. Nikachukua rimoti, nikaiweka AC kwenye feni peke yake. Kompresa ikakata na ngurumo ikafa papo hapo, huku bloa, yaani feni ya ndani, ikiendelea kuzunguka. Bloa ikatoka. Nikairudisha kwenye ubaridi. Mashine hizi hungoja kama dakika tatu kabla ya kuwasha kompresa upya, ili shinikizo lisawazike. Tukangoja, kompresa ikashika, ngurumo ikarudi nayo.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Ukishaona kelele inakuja na kompresa na kuondoka na kompresa, ni rahisi kusema kompresa ni mbovu. Lakini kilichothibitishwa ni kwamba kompresa ndiyo mpigaji. Ngoma yenyewe ni ipi, bado hujui. Kompresa ya namna hii kwa umeme wetu wa hezi 50 inazunguka karibu mara 50 kwa sekunde. Mzunguko huo unatoa mtikisiko mzito wa chini, na kitu chochote kipana kilichoguswa nao kinaweza kuwa ngoma: bati, dari, kioo cha dirisha, mlango.

Nikataka kutoka roshani na bisibisi yangu nianze kusikiliza kimoja kimoja: miguu, chuma cha ukutani kilichobeba boksi, mabomba. Mjukuu akafungua kufuli, akasukuma geti.

Ngurumo ikakata kama mtu kazima swichi.

Kwanza nilifikiria kompresa imekata yenyewe. Nikatoka: feni inazunguka, ganda la kompresa linatetemeka kiganjani, ampea zilezile. Nikamwambia kijana, hebu lifunge tena. Akafunga. Ngurumo. Fungua. Kimya. Tulifanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu mama mwenyewe aliyekuwa ndani alipaza sauti, "Mmeipata!"

Tulimulika tochi kwenye ukingo wa geti. Likifungwa, fremu yake upande wa bawaba ilikuwa inasogea na kuegemea kwenye fungu la mabomba ya AC, pale yanapopita pembeni mwa mlango. Likiwa wazi, kuna nafasi ya vidole viwili. Nikamuuliza mama kama geti ni la siku nyingi. La siku nyingi, akasema, ila vibaka walijaribu kulinyanyua, fundi wa kuchomelea akaja akabadilisha bawaba. Lini? Akanyamaza kidogo, akashika kidevu. "Mwezi wa pili."

Kwa hiyo mchana geti likiwa wazi hakuna fundi ambaye angeisikia kelele ile, hata angekaa mpaka jioni. Usiku geti linafungwa, linagusa bomba, bomba linalipa geti mtikisiko wa kompresa, nalo geti ni chuma cha urefu wa mita mbili kilichoshikiliwa ukutani kwa bawaba tatu. Ukuta unaoshika bawaba hizo ndio ukuta wa kichwa cha kitanda.

Nilitaka kumaliza usiku uleule kwa kusogeza mabomba, lakini nilipokata tepu kutazama hali ya ndani nikasimama. Sponji ilikuwa imesagika. Chini yake bomba jembamba, lile la robo inchi, lilikuwa linang'aa pale fremu ilipokuwa inaligusa, shaba nyekundu mpya kabisa katikati ya bomba lililofifia kwa chumvi ya bahari. Nikapitisha ukucha. Ukanasa. Ukuta wa bomba hilo haufiki milimita moja kwa unene, na ndani yake mna shinikizo ambalo kwa R410A ni kubwa kuliko la R22 ya zamani kwa zaidi ya nusu. Wiki kadhaa zaidi za geti kufungwa kila usiku, gesi yote ingetokea pale. Mama alikuwa analalamikia usingizi, na malalamiko yake ndiyo yaliyoiokoa mashine. Nilipaka povu la sabuni: halikutoa kiputo. Nikafunga kitambaa kinene kwenye fremu ya geti, nikamwambia alale, narudi asubuhi.

Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alilala mpaka adhana ya alfajiri.

Asubuhi nilikuja na mtungi wa kunyonyea gesi, mizani na pampu ya vakyumu. Zile ampea 6.1 zilikuwa bado zinanisumbua, na kwa kuwa bomba lililoliwa lilitakiwa kukatwa, gesi ilikuwa lazima itoke. Sikuiachia hewani. R410A huhifadhi joto la anga zaidi ya mara 2,000 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule, na ni mojawapo ya gesi ambazo nchi zilikubaliana kuzipunguza hapo jirani, Kigali, mwaka 2016. Fundi anayefungua vali ikapuliza "chwiii" mpaka iishe anafanya jambo baya, na ninawaambia vijana wangu hivyohivyo.

Mizani ikasema gramu 1,040. Kibao cha mashine kinasema 850. Gramu 190 za ziada, na hizo ndizo zilizokuwa zikiilemea kompresa, ikivuta umeme zaidi na kutetemeka zaidi. Mama alikumbuka, bila mimi kumtajia, kwamba baada ya gesi kuongezwa ngurumo ndiyo ilikuwa kubwa zaidi. Yaani kelele ya kugugumia ilitibiwa kwa gesi isiyohitajika, gesi ikaikuza ngurumo, ngurumo ikatibiwa kwa kukaza nati, nati zikaua kazi ya raba.

Ukarabati wenyewe hauna maneno mengi. Nilikata kipande kilicholiwa, nikaunga kipya kwa kuchomelea na fimbo ya fedha huku naitrojeni ikipita ndani ili bomba lisifanye masizi, nikavuta vakyumu, yaani kutoa hewa yote, mpaka chini ya mikroni 500, nikajaza gramu 850 za gesi mpya, ikiwa kimiminika. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, R32 na R125, nusu kwa nusu kwa uzito, ndiyo maana haijazwi ikiwa mvuke. Raba za miguu nilibadilisha zote nne na nati nikazikaza kwa kiasi. Mabomba niliyasogeza mbali na njia ya geti, nikayavika sponji mpya na kuyashika kwa klipu. Ampea: 5.0. Niliwasha AC, nikafunga geti mwenyewe kwa mkono wangu, nikakaa kitandani. Kimya.

Niliondoka nikiamini na kugugumia kumekwisha, kwa kuwa gesi sasa ni sahihi.

Siku ya tatu akanipigia. "Mwanangu, ngurumo imekwenda zake. Lakini ile ya kunywa maji ipo." Safari hii nilimuuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza: ikianza, wewe unakuwa unafanya nini? Akafikiri. "Naoga."

Bafu lina feni ya kutoa mvuke, inawaka pamoja na taa. Nikamuuliza mlango wa chumba unakuwaje wakati huo. Umefungwa, na chini yake anaweka taulo ili baridi isitoke, Luku, umeme wa kulipia kabla, isiende bure. Madirisha? Ya alumini, mapya, yamefungwa. Basi. Feni inavuta hewa kutoka chumbani na kuitupa nje, na chumba hakina pa kuvutia hewa nyingine isipokuwa tundu moja dogo: bomba la kutolea maji ya AC. Hewa inapanda ndani ya bomba hilo kinyume na maji yanayoshuka, inafika kwenye trei ya indoo na kupasuka humo mapovu. Glu, glu, glu. Ndiyo kugugumia kwenyewe, na haihusiani na gesi hata kidogo.

Nilimwambia awashe feni ya bafu, asubiri igugumie, kisha aondoe taulo chini ya mlango huku nikiwa kwenye simu. Nikasikia nyayo zake, kimya kidogo, halafu: "Imeacha." Arudishe. "Imeanza." Kipimo kizima kilichukua dakika mbili na hakikuhitaji bisibisi. Fundi wa kwanza angeweza kukifanya. Na mimi pia, usiku ule, kama nisingeridhika mapema.

Wapo wanaotibu hali hii kwa kupinda bomba la maji liwe na shingo kama ya sinki, maji yakae pale na kuzuia hewa. Kwa split ndogo sipendi. Ute na vumbi hujikusanya kwenye shingo, siku moja maji yanarudi ndani na kushuka ukutani. Tulikubaliana kwamba akiwa anaoga taulo linaondoka, na dirisha dogo la bafu linaachwa wazi.

Kulikuwa na sauti ya tatu ambayo hakuitaja siku ya kwanza: tik, tik-tik, dakika chache baada ya kuwasha, na tena akizima. Hiyo ni plastiki ya indoo inayojikunja kwa baridi na kujinyoosha kwa joto. Niliisikiliza naye jioni moja nilipopita kuangalia klipu za mabomba, nikamweleza, akaitikia kwa kichwa. Hiyo sikuigusa.